Mkate wa kumimina: chini umeungua, katikati mbichi, matundu hakuna

MamaNasri_Tabata

Asalaam aleikum, habari za leo wapishi wote, na shikamooni wakubwa.

Naomba msaada kabla Ramadhani haijaingia. Mimi ni mzaliwa wa Singida, nimekulia ugali wa mtama na mlenda. Ndoa imenileta kwa watu wa Tanga, na kwao futari bila mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, ni kama hujafuturisha mtu. Siku zote tulikuwa tunaagiza kwa mama mmoja jirani. Sasa kahama, na mama mkwe anakuja kufunga na sisi mwezi mzima. Nataka mkate huu utoke jikoni kwangu, wenye matundu, juu umepata rangi, mtu akikata kisu kitoke kikavu.

Nilivyofanya ni hivi. Mchele nilichukua ule wa Kyela tunaopikia wali, vikombe viwili, nikauloweka kama saa mbili. Blenda yangu ni ndogo, ikawa inagoma, basi nikaendelea kuongeza tui mpaka ikazunguka. Nikatia sukari kikombe kizima, hamira, iliki na yai zima, nikafunika. Mapovu yaliota vizuri tu. Nikapaka mafuta sufuria ya alumini, nikamimina, nikabandika kwenye gesi. Muda si mrefu nasikia harufu ya kuungua, kuangalia juu bado majimaji. Nikapunguza moto, nikafunika mfuniko, mwisho wake chini mweusi, katikati unanata kwenye kisu, na tundu hata la dawa hakuna.

Shoga yangu mmoja ananiambia niongeze hamira. Mwingine anasema nitie unga wa ngano. Oveni sina, nina jiko la gesi la pleti mbili na jiko la mkaa. Nisaidieni jamani.

Kisauni_Mapishi

Waaleikum salaam dada. Huyo aliyekwambia unga wa ngano hajakosea sana. Hapa Mombasa wako wengi hutia vijiko viwili vya kulia ili mkate ushikane, na kwa mtu anayeanza ni msaada. Lakini kubwa naona ni moto. Gesi kali na sufuria nyepesi haviendi pamoja kwa mkate huu. Tafuta kikaango kizito, moto uwe mdogo kabisa. Juu ukishaanza kukauka, kipindue kikaango uso wa mkate uelekee moto, ukizungushe polepole mpaka upate rangi. Nyumbani kwetu tunafanya hivyo kila siku na wala haudondoki, mradi hukumwaga mafuta mengi chini.

Halafu usile na chai peke yake. Jaribu na mchuzi wa kuku wa nazi.

BiMkubwa_Ngambo

Marahaba mwanangu, waaleikum salaam.

Nimepika mkate huu wa kuuza kila Ramadhani tangu watoto wangu wadogo, hapa Ng'ambo, Unguja, na hiyo hali yako naijua. Hamira yako haina kosa. Mapovu umeyaona mwenyewe, kwa hiyo kuongeza hamira ni kuuchachua mkate bure. Tatizo lako ni maji. Pale blenda ilipogoma ukaongeza tui, ndipo mkate ulipoharibika, na baada ya hapo hata ungekuwa na oveni ya hoteli usingetoka.

Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukishajua sababu hutahitaji kuniuliza tena mchele ukibadilika au nazi ikiwa ndogo. Ngano ina mnato unaovutika. Ukiikanda inashika hewa yenyewe. Mchele hauna mnato huo. Hewa ya hamira ndani ya unga wa mchele inazuiwa na vitu viwili tu: uzito wa unga wenyewe na ute wa yai. Unga ukiwa mwepesi, povu linapanda, linapasuka juu, limekwisha. Na huku chini chembe za mchele zinatua. Ukibandika motoni, chini kumeshagandamana kunaungua, na juu kumebaki tui. Ndicho ulichokiona.

Sasa tuanze na mchele. Uchague wiki hii, usingoje mwezi uandame, maana bei itapanda. Kyela unanukia, siukatai, ila mkate wake unakuwa mzito kidogo. Mimi natumia basmati, na mtu asiyeweza basmati mtupu achanganye nusu kwa nusu. Usitumie ule mchele wa manjano uliochemshwa kabla ya kukobolewa, huo haulainiki kwa kuloweka. Osha mpaka maji yatoke safi, loweka usiku kucha. Saa mbili hazitoshi, na hii ndiyo sababu nyingine blenda yako iligoma: mchele ulikuwa bado mgumu katikati. Chukua punje uibane kwa kucha. Ikipasuka vipande, bado. Ikisagika kuwa unga kati ya vidole, tayari.

Kabla ya kusaga, uchuje mchele kwenye kung'uto uache udondoke maji kabisa. Watu wanapuuza hapa. Mchele unaotota unaingiza maji ambayo hukuyapima.

Tui: nazi moja kubwa iliyokomaa, uikune, uikamue kwa maji ya uvuguvugu kidogo sana, upate kikombe kimoja na nusu cha tui la kwanza. Maji ya uvuguvugu yanatoa mafuta ya nazi vizuri, lakini liache tui lipoe kabla hamira haijaingia, maana tui la moto linaiua. Tui la pili weka pembeni, utapikia mboga, humu lisiingie.

Kusaga kwa blenda ndogo: gawa mchele mafungu mawili au matatu, kila fungu na sehemu yake ya tui. Ikigoma, izime, koroga kwa mwiko, washa tena. Izime, koroga, washa. Usiongeze tui! Na ukiona jagi linapata moto, pumzisha mashine. Saga mpaka uuchukue unga kati ya kidole gumba na cha shahada, upikiche, usisikie chenga. Zikibaki chenga, mkate unakuwa na mchanga mdomoni na hauinuki. Ukimaliza, inua upawa: unga ushuke kwa mkanda mnene usiokatika, na ule mkanda ukae juu kidogo kabla haujazama. Ukishuka kwa matone, umeharibu, na hapo dawa ni moja, kusaga mchele mwingine uliolowekwa uuchanganye.

Hamira ni kijiko kimoja cha chai cha ile ya chenga kwa vikombe viwili vya mchele. Tia na kijiko kimoja tu cha sukari na iliki uliyotwanga mwenyewe, punje nane au kumi. Iliki ya kopo ya dukani haina harufu. Funika, weka mahali pa joto. Kwa joto la Dar, baada ya saa moja hivi utakuta umepanda karibu mara mbili.

Sukari iliyobaki, robo tatu ya kikombe, mimi natia ukishaumuka. Wapo wanaotia yote mwanzoni. Sababu yangu ni kwamba sukari ikiyeyuka inaulegeza unga, na ikiwa nyingi inaichelewesha hamira. Naitia mwishoni na ute wa yai moja nilioupiga ukatoa povu. Ute peke yake. Kiini weka kando, kina mafuta na kinaupa mkate harufu ya keki. Koroga kwa mkono mwepesi mpaka sukari iyeyuke. Utaona unga umeshuka, usiogope. Uache robo saa, ukianza kutoa vipovu vidogo pembezoni, nenda nao jikoni mara moja.

Kuhusu moto namuunga mkono ndugu yangu wa Kisauni, ila kwa mtu anayejifunza sikushauri kupindua kikaango. Mkate ukiwa bado umelegea katikati utaangukia motoni. Na wewe una jiko la mkaa, mwanangu, hiyo ni neema. Mkate huu asili yake ni moto juu, moto chini.

Chukua sufuria nzito, pana, siyo ndefu. Paka samli nyembamba, chini na kuta zote, uipashe kidogo. Mimina unga usizidi vidole viwili kwenda juu. Chini weka makaa machache uliyoyatandaza pembeni, katikati ya jiko paache wazi, kwa sababu katikati ya sufuria ndiko kunakowahi kuungua. Usifunike bado. Kaa hapo uangalie. Kwanza kingo zinapoteza mng'ao, zinakuwa kavu. Halafu matundu yanaanza kufunguka kule pembeni, moja moja, na hayajifungi tena. Hiyo ndiyo alama. Tundu linalofunguka likajifunga maana yake unga bado mwepesi au moto mdogo mno. Matundu yataelekea katikati taratibu. Yakifika katikati, na pale katikati kumebaki na unyevu kidogo tu, funika kwa mfuniko wa bapa au sinia la bati na upange makaa juu, mengi kuliko ya chini. Mwisho huu hauchukui muda, funua uchungulie. Rangi ikiwa ya dhahabu, chomeka kijiti kikavu, kikitoka safi ipua.

Ulipofunika mfuniko mtupu kwenye gesi, mvuke uligeuka maji ukadondokea juu ya mkate. Ndiyo maana juu haukukauka.

Usiutoe ukiwa wa moto. Uache upoe, pitisha kisu pembezoni, uupindue kwenye sahani. Mkate wa mchele ukiwa wa moto unakatika na unanata hata kama umeiva, na mtu anadhani ni mbichi.

Ama unga wa ngano, mimi siutii na sitamshauri mtu. Vijiko viwili vinaufanya ukaze, na ukilala unakuwa mgumu zaidi. Mama mkwe wako wa Tanga ataujua kwa tonge la kwanza.

UmmSalha_Muscat

Mashallah Bi Mkubwa, Allah akupe afya. Ninaongeza kwa wale tulio mbali na nazi mbichi.

Mimi niko Muscat, na hapa watu wa asili ya Zanzibar ni wengi, mkate huu unapikwa sana mwezi wa Ramadhani. Wengi tunatumia tui la kopo. Makopo hayafanani. Mengine yana vitu vya kulifanya liwe zito, ukilitia lilivyo unga unakuwa wa kuvutika na matundu yanakuwa madogo. Ninalifungua, nalikoroga mafuta na maji yake vichanganyike, kisha kwa kikombe kimoja cha tui la kopo natia robo kikombe cha maji, siyo zaidi. Tui la unga nalo linafaa, ukilikoroga zito.

Ninatumia oveni. Naiwasha nyuzi 180 na sufuria iwe ndani ipate moto, kisha namimina. Dakika 30 hadi 35 zinatosha, na mwishoni nawasha moto wa juu peke yake kwa dakika mbili tatu. Usiondoke hapo, unaungua ukigeuka tu.

Kwenye sukari mimi ni wa kundi la pili, natia yote mwanzoni kwa sababu sipendi kuukoroga unga ulioumuka. Unachelewa kupanda, ni kweli, lakini kwa joto la huku kuchelewa ndiko ninakokutaka, maana ukiuacha ukazidi unachacha hata kabla ya Alasiri.

Kisauni_Mapishi

Bi Mkubwa nimekubali kuhusu ngano, nitajaribu bila. Lakini kupindua kikaango sitaacha! Ule ukingo unaobabuka kidogo kwa moto wenyewe una ladha yake.

MamaNasri_Tabata

Jamani asanteni sana. Bi Mkubwa, shikamoo tena, nimesoma mpaka mwisho na sasa naona kila kitu kilivyokwenda. Kile cha unga kudondoka tone tone kwenye upawa ndicho changu hasa. Nilidhani vile unavyomiminika ndivyo unavyotakiwa.

Nina maswali mawili. Kazini natoka saa kumi, kwa foleni ya Tabata nafika nyumbani saa kumi na moja kasoro, na adhana huku ni baada ya saa kumi na mbili. Saa ngapi nitasaga, saa ngapi nitaumua? Na je, nikikosa nazi nzuri, zile zinazokunwa kwa mashine sokoni zinafaa?

BiMkubwa_Ngambo

Marahaba mwanangu.

Nazi ya mashine inafaa, ila ichague mwenyewe kabla haijavunjwa. Itikise usikie maji ndani, angalia macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Ikishavunjwa inuse. Wakikuna waambie wasifike kwenye ganda, ile ya kahawia inalitia tui rangi. Ukamue siku hiyo hiyo. Nazi iliyokunwa ikikaa kwenye mfuko wa plastiki mpaka kesho yake inatoa harufu ya sabuni, na mkate wote utanukia hivyo.

Saa zako zinawezekana, na hapa Unguja wafanyakazi wengi wanafanya hivi. Mchele loweka asubuhi kabla hujatoka, usiku baada ya tarawehe usage na tui, uweke unga kwenye friji bila hamira wala sukari. Daku ukiamka, utoe, tia hamira nusu ya kile nilichokwambia, yaani nusu kijiko cha chai, na kile kijiko kimoja cha sukari na iliki. Koroga, funika, rudisha kwenye friji. Chombo kiwe kikubwa, unga usipite nusu yake, la sivyo utakuta umemwagika kwenye rafu. Kwenye baridi hamira inafanya kazi polepole, na ukirudi saa kumi na moja utakuta umepanda.

Ukifika tu, hata kabla hujavua hijabu, utoe friji na uwashe mkaa. Tia sukari na ute wa yai. Unga wa baridi haumiminwi moja kwa moja, chini utaiva na katikati utabaki nyuma. Weka bakuli ndani ya beseni lenye maji ya uvuguvugu, ukoroge mara moja moja, mpaka ukigusa bakuli kwa nje usisikie baridi. Makaa yakishika, unga nao utakuwa umeanza vipovu. Gawanya kwenye sufuria mbili ndogo badala ya moja kubwa, itaiva upesi na utawahi adhana.

Kama umeme wa kwenu unakatika mchana, usiitie hamira alfajiri. Unga wenyewe bila hamira utakaa salama kwa saa nne hivi kwa baridi iliyobaki kwenye friji iliyofungwa. Hamira tia ukifika, kijiko kizima, uweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu tangu mwanzo. Siku hiyo mkate utaliwa baada ya Magharibi, waanzie tende na uji.

Na ukibaki mpaka daku, usiule baridi, mchele uliopikwa ukilala unakuwa mgumu. Nyunyiza matone ya maji kwenye kikaango, weka vipande, funika, moto mdogo dakika tatu, utalainika.

MamaNasri_Tabata

Basi nitaujaribu wikiendi hii kwenye mkaa, sufuria mbili ndogo. Sinia la bati la kupangia makaa juu ninalo, la marehemu baba mkwe, linafaa?

BiMkubwa_Ngambo

Linafaa kama halijatoboka na halijapakwa rangi. Liweke kwanza juu ya moto tupu mpaka liungue mafuta yote ya zamani, ulisugue kwa majivu, ndipo ulifunikie chakula. Na livue kwa koleo, makaa yakiwa juu yasidondokee mkate.